Sampuli Kipofu

Katika Jamhuri ya Sare hatugombani. Kununiana tunanuniana, kusengenyana tunasengenyana, na inapobidi hata kurogana kidogo, lakini kubishana hadharani ni mwiko. Katiba yetu yenyewe inaanza hivi: "Sisi wananchi tumekubaliana." Haikutaja tumekubaliana nini. Waasisi walisema hayo mengine yatakuja baadaye, nasi ni watu wa subira.

Wageni huniuliza jina la nchi lilitoka wapi. Wapo wanaodhani ni sare za shule, wapo wanaodhani ni sare ya mpira, timu zinapotoka uwanjani bila mshindi. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za wizara zote, kwa hiyo nina jibu langu. Lakini ukiwa na lako, tutalikubali pia.

Kibanda changu kiko Mlangoni, mahali Mto Lazi unapoingia baharini. Maji ya chumvi hupanda, maji baridi hushuka, yakakutana katikati ya mikoko, na wanawake huingia kwenye matope kuchokoa chaza mizizini. Mbali huko juu ya mto kuna Kiwanda cha Dhahabu ya Taifa, ambacho husafisha dhahabu kwa zebaki. Zebaki ikishamaliza kazi hupewa likizo, na likizo yake hupenda kuja kuimalizia kwetu.

Kwa kuwa wataalamu hupaita mahali pale mlango wa mto, Wizara ya Majengo iliwahi kudai kwamba mlango wowote katika nchi ni mali yake. Ikamtuma fundi na futi kamba aje kupima fremu. Fundi alisimama ukingoni mpaka maji yakamfika magotini, akaandika kwamba mlango huu ni mpana mno, hauna bawaba na haufungi vizuri. Baada ya hapo ulirudishwa Wizara ya Maji pamoja na maelezo kwamba umekwisha kukaguliwa.

*

Maabara ya Mlangoni ni vyumba viwili, na ukuta wake mmoja ni wangu pia, ndiyo maana nayajua mambo makubwa kuliko cheo changu. Mkuu wake, ambaye pia ndiye mpimaji na mfagiaji, ni Mwanakombo binti Shee, mkemia aliyesomeshwa na taifa mpaka akapitiliza. Nasema akapitiliza kwa sababu alirudi na tabia ya kuamini anachokiona kwenye mashine.

Mdogo wake ni Mize. Mama yao alipofariki, Mwanakombo ndiye aliyemlea, akamsuka nywele, akamsomesha, mpaka siku Mize aliposema shule imemtosha, akaingia kwenye chaza kama alivyokuwa marehemu mama yao. Mumewe alikuwa kibarua kiwandani, anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimba mbili za Mize zilikuwa zimeharibika. Mwaka ninaousimulia alikuwa na ya tatu, na Mlangoni nzima tuliitazama mimba ile kama yetu sote, tukimwombea ifike.

Mwaka huohuo Mwanakombo alipima maji ya mlango akakuta zebaki. Akapima chaza, akakuta zebaki zaidi. Hakungoja hata kuvua koti lake jeupe. Alitoka mbio mpaka kwenye matope, mimi nikaacha cherehani nikamfuata, kwa sababu mkemia akikimbia si jambo la kukosa.

"Mize, toka humo!" aliita. "Na hizo chaza usizile tena."

"Nisile chaza nile nini, dada? Koti lako?"

"Zina zebaki. Inaingia kwako, inapita mpaka kwa mtoto."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nimepima."

Mize akapangusa tope shavuni kwa mgongo wa mkono. "Haya. Na wenzako wa mjini wamesemaje?"

Msomaji wa nchi nyingine ataona hilo ni swali la kejeli. Kwetu ndilo swali la kwanza analofundishwa mtoto baada ya shikamoo. Wenzake Mwanakombo wa mjini walikuwa bado hawajasema kitu.

"Maabara zote tano zikisema, nitaacha," Mize alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Wallahi nitaacha siku hiyohiyo, na mimba hii naitaka kuliko roho yangu. Lakini wewe peke yako, dada yangu, hata harusi yangu uliipinga."

Akainama, akaendelea kuchokoa. Hivyo ndivyo mtoto ambaye hajazaliwa alivyowekwa mikononi mwa maabara tano za taifa.

*

Tunazo tano kweli, na kila moja ni fahari yetu: ya Wizara, ya Chuo Kikuu, ya Idara ya Samaki, ya Jeshi, na hii yetu yenye paa linalovuja. Yalipopatikana malalamiko ya Mwanakombo, zote ziliagizwa kupima maji ya mlango, na kwa bahati mbaya redio ya taifa ikasoma majibu yote matano kwa mkupuo mmoja. Wizara ilisema maji hayana neno. Chuo Kikuu kilisema inategemea. Idara ya Samaki ilisema haikumwona samaki wa kumuuliza. Jeshi lilisema kiasi cha zebaki ni siri, lakini kinatosha. Yetu ilisema sumu.

Mtukufu Rais alikuwa anakunywa chai. Inasemekana aliweka kikombe chini na kuuliza, "Maji ni yaleyale, mbona majibu matano? Mnataka watu waanze kuchagua?"

Kuchagua ni neno zito kwetu. Wiki hiyohiyo wafadhili wakaletwa na ndege, nao wakaleta Mwongozo wa Uhakiki wa Ubora baina ya Maabara. Wazo lake lilikuwa jepesi: chukua maji mamoja, yagawe katika chupa, peleka kila maabara, kisha linganisha majibu ili ujue nani anapima vizuri na nani anabahatisha. Idara ya Tafsiri iliugeuza Mwongozo kwa Kiswahili sanifu, na Serikali ikaunda Mamlaka ya Ulinganifu chini ya Dakta Kauleni, msomi ambaye udaktari wake hauna ugonjwa wala somo.

Nilialikwa uzinduzini kwa sababu nilishona vitambaa vya meza. Dakta Kauleni alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Waheshimiwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa," alisema. "Ubora ni nini? Nimejiuliza swali hili nikiwa bafuni, nimejiuliza nikiwa angani. Ubora, ndugu zangu, ni kulingana. Na jambo hili wahenga wetu walikwisha kulimaliza kabla wenzetu hawajagundua chupa. Walisema, penye wengi hapaharibiki neno. Kuanzia leo, hapaharibiki maji!"

Tulipiga makofi mpaka vitambaa vikateleza. Palepale ikapitishwa Kanuni ya Wengi Wape: jibu lenye maabara nyingi ndilo la kweli, na maabara iliyobaki pembeni itahesabiwa kuwa na mkengeuko, nayo itarekebishwa kwa upendo. Maabara mbili zikisema kinyume cha wengi, jambo litaitwa mjadala, na wakati wa mjadala kiwanda husika kitasimama. Kifungu hicho cha mwisho kiliingizwa na wafadhili, na Dakta Kauleni alikisoma kwa sauti ya chini.

Mwanakombo alikisikia. Alirudi Mlangoni amechangamka, akamwambia Mize kupitia dirishani, "Nahitaji mmoja tu wa kukubaliana nami. Mmoja tu."

"Inshallah," alisema Mize, akitafuna.

*

Uhakiki ulianza na sampuli tupu. Mwanakombo alinieleza baadaye kwamba sampuli tupu ni chupa ya maji safi kabisa yasiyo na chochote ndani, ili kuona kama maabara haichafui maji kwa vyombo vyake yenyewe. Lakini Mamlaka ilisoma tupu ikaelewa tupu. Chupa tano zikaoshwa, zikakaushwa juani, zikafungwa kwa nta na kusambazwa nchi nzima kwa magari ya ving'ora zikiwa hazina hata tone.

Maabara nne zilijibu kwamba sampuli haina zebaki, haina risasi, na haina vijidudu, jambo ambalo hakuna anayeweza kulipinga. Ya Jeshi iliongeza kwamba sampuli imeonyesha nidhamu. Mwanakombo aliitikisa ya kwake, akaigeuza juu chini, akaandika, "Chupa haina maji."

Mamlaka ilisikitika. Ilitoa tamko kwamba wakati maabara nne zimechambua sampuli kwa weledi, ya tano imeishia kuitazama. Mwanakombo akapewa onyo la kwanza, lililoandikwa kwa maneno mazuri sana.

Ikafuata sampuli kipofu, na hapa naomba msomaji avute kiti, kwa sababu ndipo taifa lilipoonyesha moyo wake.

Duniani kote sampuli kipofu ni chupa ambayo anayeipima haambiwi kilichomo. Wafadhili walizileta zimetiwa zebaki ya kiasi wanachokijua wenyewe, jibu wakalifungia kwenye bahasha. Lakini Dakta Kauleni aliposoma neno kipofu machozi yalimlengalenga. "Wenzetu hawa wametoka mbali, hawaoni, na tunataka watembee peke yao mpaka Mlangoni?" aliuliza. "Huo si utu." Siku hiyohiyo wakaajiriwa viongozi wa vipofu, kila chupa na wake. Nilishona sare zao mimi, za kijivu, zenye mfuko wa kifuani wa kubebea chupa, na kila mmoja akapewa fimbo nyeupe.

Kwa kuwa kipofu hajioni, kiongozi alipewa pia kazi ya kumtambulisha kwa wenyeji: ametoka wapi, amesafirije, na ana zebaki kiasi gani. Kiasi hicho Dakta Kauleni alikitafuta mwenyewe kwenye kibandiko cha chupa, akakikuta bila taabu. Kibandiko kilisema "4." Ni kweli mbele yake paliandikwa kwamba chupa ihifadhiwe kwenye ubaridi wa nyuzi hizo, lakini maandishi yalikuwa madogo na Dakta alikuwa na haraka ya kusaidia walemavu.

Basi nne ikatangulizwa. Maabara ya Wizara iliandika nne. Chuo Kikuu kikaandika nne. Samaki nne, Jeshi nne, bila hata kumsumbua mgeni kwa kumfungua kifuniko.

Kiongozi wa kipofu alipofika Mlangoni nilikuwa dirishani. Alipiga hodi kwa fimbo, akaitoa chupa kifuani kama mtu anayemtoa mtoto mgongoni, akaanza, "Mama, huyu bwana ametoka ng'ambo, na zebaki yake ni..."

"Usiniambie!" Mwanakombo alipiga kelele, akaziba masikio.

"Lakini mama, huyu ni kipofu. Hawezi kujieleza."

"Kipofu si yeye. Kipofu ni mimi! Mimi ndiye ninayetakiwa nisijue!"

Kiongozi akamtazama kwa huruma, akaiweka chupa mezani taratibu, akaondoka. Njiani aliandika taarifa yake kwa uaminifu: "Mpimaji wa Mlangoni amekiri mwenyewe kuwa haoni."

Mwanakombo alipima sampuli ile kutwa nzima. Nilimsikia akiosha vyombo, akirudia, akiosha tena. Jibu lake lilikuwa kumi na moja. Wafadhili walipofungua bahasha yao mbele ya kamera, ndani palikuwa na kumi na moja.

Mwanakombo, aliyekuwa ameketi nyuma kabisa karibu yangu, alinishika mkono akaubana mpaka nikaona nyota, na kwa dakika ile, ninasema kweli, niliamini mtoto wa Mize amepona.

Dakta Kauleni hakutikisika. "Wanne wamesema nne," alisema. "Mmoja kasema kumi na moja. Mwenye chupa naye kasema kumi na moja. Hao ni wawili, lakini mwenye chupa si maabara ya nchi hii, kwa hiyo ni mmoja na mgeni. Wengi wape. Tunawapa pole wafadhili wetu kwa bahasha yao kupata mkengeuko, na tunaahidi kuwajengea uwezo."

Wafadhili walitazamana, wakaulizana jambo kwa lugha yao, kisha wakapiga makofi, kwa sababu ndege yao ilikuwa inaondoka saa kumi.

*

Sasa maji ya mlango wetu wenyewe yakapelekwa maabara zote tano, nayo, kwa ajili ya kuheshimu uzoefu uliopatikana, yakatembezwa na viongozi walewale. Sheria inasema zebaki ikifika tano ni hatari. Maabara nne zikasema nne. Mwanakombo akasema thelathini na mbili. Waziri wa Maji, Mheshimiwa Tandabelua, akaja mwenyewe kututangazia kwamba tuko salama.

Tulipangwa tangu asubuhi, wanawake wa chaza mbele kwa sababu ndio waliopendeza. Mize alikuwa wa kwanza mstarini, tumbo limekwisha kuwa kubwa, kanga imekaza. Waziri alishuka garini, akatazama mstari ule wa wanawake, na uso wake ukalainika.

"Nimeguswa," alisema. "Nimezunguka nchi nzima, sijaona mapokezi kama haya. Hata bendera hazijagawiwa, lakini mikono ya akina mama hawa tayari inapunga yenyewe!"

Watu walicheka, nami nikacheka. Kisha nikatazama mikono aliyokuwa anaisema. Ilikuwa inatetemeka. Wanawake walikuwa wameinyoosha mbele kumsalimia, na vidole vilicheza vyenyewe, vya huyu na vya yule, kama nyuzi zinapokatika kwenye cherehani. Mkono wa Mize ulikuwa miongoni mwao. Aliuona nadhani wakati uleule nilipouona mimi, akaurudisha ndani ya kanga haraka. Kicheko kikanikauka, nikajichukia.

"Mlango huu," Waziri aliendelea, "ni mlango wa uchumi. Tumejipanga, tuko kwenye mchakato, na matokeo chanya yanaonekana kwa macho. Kuleni chaza. Chaza ni haki yenu ya kikatiba."

Aliletewa sahani. Akaibariki, akaipitisha kwa dereva, dereva akaipitisha kwa mlinzi, na mlinzi, ambaye ni mtu wa kwetu, akaiweka juu ya boneti la gari na kuisahau.

Jioni Mwanakombo alimwendea mdogo wake. "Umeona mkono wako?"

"Nimeuona," Mize alisema. "Ni damu kupungua. Mjamzito hutetemeka."

"Na akina Bi Mwatime, wenzako wa chaza? Wana miaka sitini. Nao ni wajawazito?"

Mize alikuwa amekaa kizingitini, kikapu cha chaza miguuni. "Serikali inaweza kukosea, dada. Najua. Lakini ikosee mara nne, namba ileile? Na nyumba hii italishwa na nini? Kila ninayemuuliza ananiambia nne. Wewe ukisema thelathini na mbili, unaniambia mimba zangu mbili niliziua mwenyewe kwa mkono wangu. Hilo siwezi kulisikia kwa mtu mmoja."

Mwanakombo aliporudi maabara alilia. Sikuwahi kumsikia akilia kabla ya hapo, na kuta zetu ni nyembamba.

*

Mwanakombo alikwenda mji mkuu kumtafuta yule mmoja wa kukubaliana naye. Aliyemtegemea alikuwa Profesa Shimbo wa Chuo Kikuu, mwalimu wake, ndiye aliyemfundisha kushika chupa. Yaliyosemwa huko alinisimulia mwenyewe aliporudi, amekaa kwenye kiti cha wateja wangu, mkoba bado begani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Najua ulichofuata." Profesa alikwenda kufunga dirisha.

"Ulipima maji ya mlango?"

"Nilipima. Unanichukuliaje?"

"Ulipata ngapi?"

"Thelathini na mbili. Nikarudia, ikawa thelathini na moja na kitu. Ndipo nikapiga simu Mamlaka kuwauliza nimepata ngapi."

"Wakasema?"

"Nne."

Mwanakombo alipiga magoti kama alivyofanya siku ya kumwomba amsimamie shahada. "Mwalimu, sema ulichokipata. Hilo tu. Tukiwa wawili inakuwa mjadala, kiwanda kinasimama, mdogo wangu anaacha kula. Ana mimba. Amesema kwa mtu mmoja tu hawezi kulisikia."

Profesa alimwinua kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mpole, hilo kila mwanafunzi wake hulisema. "Mwanangu, ukweli unaujua na mimi naujua. Kwa ukweli hiyo inatosha. Lakini kwenye karatasi mimi ni Chuo Kikuu, na Chuo Kikuu kikikengeuka hakuna kitakachobaki." Alimsindikiza mpaka mlangoni, akashusha sauti. "Nitakwambia kitu cha kukufariji. Nyumbani kwangu nimepiga marufuku chaza. Hata paka hapewi."

Kwa hilo la paka Mwanakombo alicheka, kicheko kibaya, mpaka mimi nikaenda kumletea maji. Kisha akayatazama maji kwenye glasi na hakuyanywa.

*

Katika Jamhuri ya Sare hatufukuzi mtu kazi. Kufukuza kunaacha pengo, na pengo linaonekana. Mwanakombo aliitwa kwenye Kikao cha Marekebisho, akasomewa makosa matatu: kuitazama sampuli badala ya kuichambua, kukiri kuwa haoni, na kushirikiana na bahasha ya kigeni. Dakta Kauleni alimwuliza kama ana la kusema. Alisema thelathini na mbili. Dakta akaandika kwamba mtuhumiwa hana la kusema.

Wakaamua kwamba tatizo si mtu, tatizo ni mashine yake iliyokuwa inapima peke yake kama yatima. Fundi akaja Mlangoni na kisanduku kidogo chenye taa ya kijani, akakichomeka nyuma ya mashine, akakipiga lakiri ya Serikali. Kuanzia hapo mashine, kabla ya kutoa jibu, huuliza kwanza wenzake wamepata nini. Namba ikaondolewa kabisa, kwa kuwa namba ndizo zinazoleta ugomvi. Mashine huandika neno moja tu: "Imelingana."

Kukata lakiri ile ni uhaini. Mwanakombo aliniambia angeikata. Lakini mashine, akasema, haipimi tena hata ukiikata, kwa maana fundi alitoa kitu fulani ndani yake na kuondoka nacho kama kumbukumbu.

Akabaki na mdomo wake. Alimnunulia Mize maharage, dagaa wa ziwani, mayai. Mize alikula vyote kwa shukrani, na akiwa kwenye matope pamoja na wenzake alikula chaza, kwa sababu ilikuwa hamu ya mimba na kwa sababu zilikuwa bure.

*

Mize alijifungua salama. Msichana, mzima, viungo vyote. Vigelegele vilipigwa mpaka vikavuka mto, na mimi nilishona kinguo cha kwanza bila kupima, kwa kukisia tu. Baba yake aliomba ruhusa kiwandani akanyimwa, akatuma salamu.

Kadiri siku zilivyokwenda, Mlangoni tulijifunza kutomtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Hakuwa analia sana. Kichwa hakikukaza shingoni. Ukimpitishia kidole mbele ya macho, macho yalibaki yalipo, na mara kwa mara mwili mzima ulishtuka wenyewe na kutulia. Wanawake walisema atakaza. Walisema mtoto wa fulani naye alikuwa hivyohivyo na sasa anacheza mpira. Wote walikuwa wanasema jambo lilelile.

Asubuhi moja Mize alikuja maabara mtoto kambeba kifuani, mkononi kikombe kimefunikwa kwa kisahani. Mkono ulitetemeka na kisahani kililia juu ya kikombe njia nzima.

"Dada, nimekuja unipimie haya," alisema.

"Nini?"

"Maziwa yangu." Akakaa. "Usiniambie wenzako wa mjini wanasemaje. Sitaki. Nataka ya kwako wewe, peke yako."

Ukutani kwangu niliacha kushona. Maneno hayo Mwanakombo alikuwa ameyangoja tangu siku ile ya matope.

"Sihitaji kupima, Mize. Usimnyonyeshe. Nimepata maziwa ya mbuzi kwa Mzee Kidundo, yako hapo, nimeyachemsha. Mpe hayo, kuanzia sasa hivi."

"Nimnyime mtoto ziwa kwa neno tu? Amelala ananitazamia mimi. Pima, dada. Karatasi ikisema yana sumu, sitampa tena hata kifua kipasuke. Naapa kwa kaburi la mama."

"Mashine imefungwa mdomo. Haisemi kweli."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia niamini mashine."

Mwanakombo alisimama katikati ya chumba. Najua alichofikiri kwa sababu aliniambia baadaye, na hata sasa huniambia tena na tena: kisanduku kile kilifundishwa maji. Maziwa hakiyajui. Labda mbele ya maziwa kitababaika, na mashine kwa mara moja itasema ya moyoni. Akachukua kikombe, akamimina.

Mashine ilinguruma. Ikakaa muda mrefu kuliko kawaida, taa ya kijani ikawaka na kuzimika, ikiuliza Wizara, ikiuliza Chuo Kikuu, ikiuliza Samaki na Jeshi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupima maziwa ya mama. Hapakuwa na jibu la kutofautiana nalo. Karatasi ikatoka.

"Imelingana."

Mize aliisoma mara moja, akaibusu, akaanza kulia kwa furaha, machozi yakimtiririkia mtoto kichwani. "Alhamdulillahi. Dada, kumbe ulikuwa unanitisha tu. Kumbe maziwa yangu hayana neno."

"Mize, sivyo. Nakuomba. Nisikilize mimi."

"Nimekusikiliza, dada. Nimesikiliza karatasi yako mwenyewe." Alikuwa amekwisha kutoka nje, amekaa kizingitini, chini ya dirisha langu, anafungua kanga. "Hata wewe umekubali. Sasa mmekuwa watano."

Nilitaka kupiga kelele. Kinywa nilikifungua. Lakini mimi ni fundi cherehani, sina maabara, na neno langu ni moja.

Mwanakombo alipiga magoti mbele yake, akamshika miguu, akaweka paji la uso kwenye magoti ya mdogo wake. Mize alimpapasa kichwani kwa mkono ule uliokuwa unatetemeka, akimwambia, nyamaza dada, mbona unalia siku ya furaha, mtazame anavyonyonya. Ni kweli alinyonya vizuri siku ile kuliko siku zote. Alinyonya upande mmoja, akahamishwa upande wa pili, akashiba, akalala.